Sura ya Saba: Kishikio cha Upande wa Mama

Kama kuna kitu Inspekta Sindano alikichukia kuliko uongo, ni mwizi nadhifu. Mwizi mchafu huacha alama za viatu, huangusha vyombo, huondoka na televisheni na kudakwa akimuuzia jirani. Huyu aliyeingia nyumba hii hakugusa televisheni wala redio. Alipanda juu ya meza ya kulia, akakata waya uliotoka darini, akaondoka na taa. Na kabla ya kuondoka, aliifuta meza.

"Ameifuta kweli, afande," alisema Koplo, uso wake ukiwa karibu kugusa mbao. "Mke wangu angempenda huyu."

"Mwambie avute subira. Nikimkamata nitampeleka kwenu akaoshe vyombo kwanza."

Kazini walimwita Sindano tangu alipokuwa konstebo, kwa sababu alichoma taratibu na kila alipopita aliacha uzi wa kufuata. Hakuficha kwamba jina hilo alilipenda. Alisimama chini ya kipande cha waya kilichobaki kikining'inia, mikono nyuma, akakitazama kwa muda mrefu. Koplo alimjua. Akiwa hivyo, ukimsemesha unajitafutia balaa.

Mlango haukuvunjwa. Ufunguo wa akiba ulikaa chini ya chungu cha maua, mahali ambapo kila mwizi wa dunia hii huanza kutafuta. Siku ya tukio nyumba nzima ilikuwa harusini. Hayo yalishajulikana. Kilichomtoa jasho Sindano kilikuwa kingine: taa iliyoibwa ilishaonekana. Haikufichwa hata kidogo. Ilikuwa inaning'inia mchana kweupe katikati ya ukumbi wa maonyesho ya samani na vifaa vya nyumbani, imezungushiwa kamba nyekundu, na chini yake kumesimama mwenye duka la samani anayejulikana na mji mzima kwa jina la Bwana Skafu, akisema ni kazi ya mikono yake.

Picha za simu zilikuwepo, tena nyingi: taa juu ya meza hii, watu wakila, watu wakicheka. Skafu alishazitolea jibu. Alisema binti wa nyumba hii alikwenda dukani kwake, akaiona taa ikiwa bado kwenye karakana, akarudi nyumbani kuiiga. Kwa hiyo aliyeibiwa ni yeye. Aliyasema hayo kwa macho makavu kituoni asubuhi, mbele ya polisi.

Alasiri hiyo majaji wa maonyesho wangetangaza mshindi, ambaye kazi yake ingetengenezwa kiwandani. Jina litakalosomwa ndilo litakalochongwa chini ya kila taa itakayotoka kiwandani. Binti aliyelia kituoni asubuhi hakuomba fidia. Aliomba jina lake tu.

Binti huyo, mbunifu wa taa na kitindamimba wa nyumba, sasa alikaa kwenye kiti cha pembeni, macho yamemvimba. Karibu naye alisimama kaka yake, fundi umeme, mwenye mabega ya kubeba ngazi. Koplo alikuwa amemkazia macho tangu waingie.

"Majirani wanasema ninyi wawili mligombana," alianza Koplo.

"Ndugu wasiogombana ni wale wasiojuana," alijibu fundi.

"Mligombania taa."

"Nilimwambia aipeleke kiwandani kokote, aache kuilea kama mtoto mchanga. Akasema bado. Nikakasirika. Kuna kosa?"

"Na ufunguo unao?"

"Ninao! Na mlango haukuvunjwa, na waya ni kazi yangu, najua mnakoelekea!"

Aliposema hivyo mkono wake wa kulia ulipanda, ukakamata hewa juu ya meza, ukaivuta kuelekea usoni, kisha ukaanguka. Mwenyewe hakuonekana kugundua. Sindano aligundua.

"Taa uliitundika wewe?" aliuliza kwa upole.

"Mimi."

"Ukitaka kuishusha, unafanyaje?"

"Kile kikombe cheupe pale darini unakizungusha kushoto kinaachia. Ndani kuna ndoano na plagi, nilizitengeneza mwenyewe. Unachomoa, unatungua, taa iko mkononi."

"Hukati waya."

Fundi alimtazama kama aliyetukanwa ukoo. "Nikate waya? Afande, fundi akikata waya wa kazi yake mwenyewe, apelekwe akapimwe akili."

Sindano aliinua kidole kuelekea darini. Waya ulikatwa chini kidogo ya kikombe, mkato wa kasi wa mtu asiyejua kwamba kulikuwa na njia rahisi. Koplo alitazama, akakohoa, akamwondolea fundi macho na kuyapeleka kwenye zulia.

"Samahani, ndugu yangu," alisema.

"Imepokelewa. Lakini usinikodolee tena."

Wakati huo mama wa nyumba aliingia kutoka jikoni akiwa na birika na vikombe. Alikuwa mwanamke mwembamba, mgongo umenyooka, na mkono wake wa kulia ulivaa pete nene ya kizamani yenye ukingo mkali. Alimimina chai bila kumwaga tone. Sindano alipopokea kikombe aliliangalia birika. Lilikuwa na mpini wa mti, na kwenye mti huo palikuwa na mchirizi mwembamba, umeingia ndani, mahali pale pale pete ilipokaa. Aliangalia mpini wa kabati la vyombo. Mchirizi. Akanywa chai, akaisifu kwa dhati.

Mama hakuitikia sifa. Alimtazama mdomoni, akakunja uso, akatazama balbu tupu ambayo fundi aliibandika ukutani baada ya wizi. Chumba kile cha kulia hakikuwa na dirisha la maana, na balbu ilimulika ukuta na kumwacha kila aliyekaa mezani na kivuli usoni. Mama alitikisa kichwa, akaashiria kwa mkono. Watoto wake walisimama mara moja, wakabeba vikombe, wakaelekea jikoni dirishani kama watu waliokwisha kuzoea kuhama.

"Mbona tunahama?" aliuliza Koplo.

Mbunifu alisita. "Mama ni kiziwi, afande. Anasoma midomo, na sisi tunaongea naye kwa ishara. Pale mezani haoni vizuri tangu taa iondoke."

Jikoni kulikuwa na mwanga mzuri. Sindano alimwinamia mama kwa heshima, akasema polepole, uso wazi, "Shikamoo, mama."

Mama alitabasamu, akanyanyua mkono wa kulia, akakamata hewa, akaivuta kuelekea usoni mwake, ndipo akajibu kwa ishara.

"Anasema marahaba," alitafsiri mbunifu. "Na anasema umechelewa kumsifia chai, alishaona umeimaliza."

"Hicho mnachokivuta ni nini?"

"Tunachovuta?"

"Kaka yako amekivuta pale mezani alipopandisha hasira. Mama amekivuta sasa hivi. Na wewe kituoni asubuhi, kabla ya kuanza kulia, ulikivuta. Nilidhani unafukuza nzi."

Ndugu wawili walitazamana, kisha wakaangua kicheko. Hata mbunifu alicheka, machozi yakiwa hayajakauka.

"Ni taa," alisema fundi. "Mkono umezoea."

Basi wakamweleza, huyu akianza na yule akimalizia. Taa ilikuwa na mikono mitatu ya shaba, na kila mkono ulibeba kofia ndogo yenye mwanga wake na kishikio cha mti. Ukikivuta, kofia inashuka na kukufuata. Ukikizungusha, mwanga unaongezeka au kupungua. Na kofia ikifika chini kabisa inainama kinyume, inakutazama usoni. Mezani kwao, aliyetaka kusema alivuta taa kwanza, ili mama aone midomo na mikono yake. Akimaliza, aliisukuma kwa mwingine.

"Mwenye taa ndiye mwenye zamu," alisema mbunifu.

"Hata mkigombana?"

"Hasa tukigombana. Zamani tulikuwa tunamalizana sisi wenyewe, mama anabaki anageuza shingo huku na huku, hajui nani kasema nini. Akawa anainuka na sahani yake anakwenda kulia huku jikoni, peke yake. Sikuweza kuvumilia. Nikaanza kuchora."

Mama alikuwa amemtazama bintiye muda wote huo. Alisema kitu kwa mikono, kifupi, na kidevu chake kilikuwa juu. Mbunifu alikataa kutafsiri.

"Anasema sasa hata wakwe wanashika adabu mezani," alisema fundi. "Na anasema mwanawe ana akili kuliko wote mjini. Anasema hivyo kwa kila mtu, hata kwa muuza mboga."

Sindano aliweka kikombe chini. "Haya mliyonieleza, umewahi kumwambia Bwana Skafu?"

"Hapana."

"Ulipompelekea taa aitengeneze kiwandani?"

"Nilimwambia ni taa ya kuning'inia, inarekebishika, basi. Akaichezea kidogo, akasema haina soko, akanirudishia. Akaniomba na anwani, eti siku akibadili mawazo."

"Kwenye michoro yako je? Kwa mtu mwingine yeyote?"

"Hakuna mahali."

"Kwa nini?"

Mbunifu alinyanyua uso. Kwa mara ya kwanza siku hiyo Sindano alimwona ana kidevu cha mama yake. "Kwa sababu watu wangeinunua kwa huruma, afande. Masikini mama kiziwi, masikini binti. Sisi si masikini wa mtu. Nilitaka taa yangu isifiwe kwa sababu ni nzuri."

Koplo aliguna, akaona hapo kesi imezama. Sindano alishakamata mkoba wake.

"Kiburi hicho kitunze," alisema. "Leo kitakusaidia. Mama, unaweza kutusindikiza mjini?"

Mama alivua aproni kabla bintiye hajamaliza kutafsiri.

Ukumbi wa maonyesho ulijaa makochi ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuyakalia. Katikati, juu ya meza ndefu ya kioo yenye viti vitatu, iliwaka taa. Sindano alikuwa ameiona kwenye picha tu, na picha zilikuwa zimeipunja. Shaba iling'aa kwa staha, mikono mitatu imetawanyika kama watu walio katikati ya mazungumzo matamu, na mwanga wake ulifanya nyuso za wapita njia zipendeze. Ilikuwa kazi ya mtu anayejua anachokifanya. Waya wake wa juu ulikuwa mpya kabisa.

Aliwaacha mama na watoto wake nyuma ya kundi la watazamaji, akavuka kamba. Bwana Skafu alimpokea kwa mikono miwili. Skafu ya leo ilikuwa ya hariri ya bluu.

"Karibu mkuu! Nilijua utakuja kuomba radhi kwa usumbufu wa asubuhi."

"Nimekuja kujifunza. Mimi mambo ya taa sijui." Alimgeukia mwenyekiti wa majaji, mama wa makamo mwenye miwani myekundu aliyekuwa tayari ameshika bahasha. "Mwenyekiti, naomba utusikilize kidogo kabla hujaifungua hiyo."

"Kidogo tu," alisema mwenyekiti.

"Bwana Skafu, hii ndiyo taa yako?"

"Ya kwanza na ya pekee. Nimeimaliza wiki hii hii. Haijaguswa na mkono mwingine isipokuwa huu." Aliunyoosha mkono, laini kama wa mtoto.

Sindano aliuchunguza. "Huvai pete?"

Skafu alitabasamu kama mtu aliyeulizwa mambo ya posa. "Sijawahi, mkuu. Bado nipo nipo."

"Hongera. Sasa nieleze, hizi kofia zinashuka kwa nini?"

"Ili mwanga ufuate mahitaji ya mtu. Kusoma, kula, kushona."

"Koplo, kaa."

Koplo alikaa kwa tahadhari, kiti kikalia. Sindano alitoa leso, akashika kishikio kwa leso hiyo, akashusha kofia hadi mwisho. Kofia iliinama kinyume, mwanga ukampiga Koplo usoni. Koplo akafumba jicho moja.

"Hapa sielewi. Haimulikii sahani, haimulikii kitabu. Inammulika mtu usoni. Kwa nini?"

Skafu hakukawia. Aliitazama kofia, akaitazama sura ya Koplo, akacheka kwa sauti ili watazamaji nao wacheke.

"Una jicho kali, mkuu! Hiyo ni kasoro ndogo ya bawaba. Kwenye toleo la kiwandani nitaiondoa."

"Kasoro."

"Kasoro tu. Hata mafundi wakubwa hukosea."

"Unaweza kurudia, mwenyekiti asikie vizuri?"

"Nimesema ni kasoro ya bawaba!" Sasa sauti ilikuwa na ukali kidogo.

Nyuma ya kamba mbunifu aliuma mdomo, na fundi akamshika bega asiruke. Sindano aliwaita kwa kichwa. Watazamaji wakapisha njia, na mama akapita katikati yao bila haraka, kama mtu anayeingia chumbani kwake.

"Huyu ni nani?" aliuliza Skafu.

"Mgeni wangu. Koplo, mpishe mama kiti."

Mama hakukitaka kiti cha Koplo. Aliizunguka meza ya kioo, akaangalia mikono mitatu ya taa, akachagua upande wake, akakaa. Kisha, macho yake yakiwa kwa bintiye na wala si kwenye taa, alinyanyua mkono wa kulia. Safari hii haukukamata hewa. Ulikuta kishikio pale pale ulipokitegemea, ukakivuta, na kofia ikashuka ikamtazama. Alizungusha kidogo, mwanga ukapungua. Uso wake ukatokea wote, kila mkunjo, mzuri kabisa.

Watazamaji wakasogelea kamba.

"Mwambie asiachie," Sindano alimwambia mbunifu. "Mwenyekiti, njoo uangalie vidole vya mama huyu."

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ukingo wa pete ulikuwa umezama kwenye mchirizi mwembamba uliochimbika kwenye mti wa kishikio. Mama alipolegeza vidole, mchirizi ukaonekana. Alipokaza, pete ikarudi ikajaza.

"Taa imemalizika wiki hii," alisema Sindano, "haijaguswa na mkono mwingine, na mwenyewe havai pete. Sasa huu mchirizi umeletwa na nani? Nyumbani kwa mama huyu kuna birika lenye mchirizi kama huu, na kabati pia. Nitayaleta yote hapa ukitaka, hata birika likiwa na chai."

Skafu alishika skafu yake. "Hiyo... mti ulikuja hivyo kutoka kwa muuzaji."

"Ulikuja na umbo la pete ya mama wa watu?"

"Mkuu, mtu yeyote anaweza—"

"Na ile unayoiita kasoro," Sindano alimkata kauli, "ndiyo sababu ya taa hii kuwepo. Aliyeitengeneza anaijua. Wewe uliichukua, ukaisafisha, ukaibadilishia waya, ila hukuwahi kujiuliza inafanya nini. Ungemuuliza tu siku ile alipokuletea, huenda angekwambia."

Mwenyekiti alikuwa bado ameinama juu ya kishikio. Alijiinua taratibu. "Basi imetengenezwa na nani?"

Mama alikuwa amemsoma midomo. Alitazama huku na huku ukumbini, akahakikisha wote wanaona, kisha akashika kishikio chake na kukisukuma, kwa kiganja kizima, kuelekea kwa bintiye. Mkono wa shaba ulizunguka bila sauti. Mwanga ukahama kutoka uso mmoja hadi mwingine.

Mbunifu alisimama ndani ya mwanga huo, na kila mtu akaona alivyo na uso wa mama yake. Aliongea kwa mdomo na kwa mikono pamoja.

"Nimeitengeneza mimi. Niliitengeneza ili mama yangu asitukose tunapoongea. Sikutaka kuwaambia kwa sababu niliogopa mtatuonea huruma. Sasa mmemwona. Amwonee huruma anayeweza."

Hakuna aliyeweza. Mwenyekiti aliichana bahasha bila kuifungua, akatangaza kwamba jina litakalochongwa ni la binti huyu, akapiga makofi, na ukumbi wote ukafuata. Mama hakuyasikia, lakini aliona viganja, na alivipokea kama haki yake ya siku nyingi, kidevu juu, bila kuinamisha macho hata mara moja. Fundi alilia waziwazi na wala hakujifuta. Koplo, aliyekuwa anajifunza haraka, alinyanyua mikono yote miwili juu na kuitikisa, kama viziwi wanavyopongezana, ili mama aone. Sindano alisimama pembeni akijisikia vizuri sana, na hakuona sababu ya kulificha hilo pia.

Bwana Skafu alikuwa ameanza kurudi nyuma, hatua ndogo ndogo, kuelekea mlango wa wafanyakazi. Akakutana na kifua cha Koplo.

"Mlete hapa," alisema Sindano. "Mkalishe."

Walimkalisha kwenye kiti kilichobaki. Sindano alishika kishikio cha tatu, akakivuta mpaka mwisho, kofia ikainama kinyume na mwanga ukamjaa Skafu usoni, jasho na hariri vyote pamoja. Akazungusha kidogo, ukaongezeka.

"Mwenye taa ndiye mwenye zamu, Bwana Skafu. Anza na chungu cha maua."

Skafu aliinamisha kichwa, akaanza kunong'onea kidevu chake. Mama aligonga meza ya kioo kwa pete yake, mara moja, kisha akasema jambo kwa mikono. Mbunifu aliangalia, akajaribu kuzuia kicheko, akashindwa.

"Anasema nini?" aliuliza Sindano.

"Anasema anyanyue uso, afande, na aanze upya. Hakupata vizuri neno la kwanza, na hataki limpite hata moja."